Bakteria asiye na ramani

Mwaka 2006 Akiko Kashiwagi na wenzake walichapisha jaribio ambalo hulisimulia kila ninapoulizwa kazi yangu ni nini, yaani kuunda mitandao na vyumba vinavyojirekebisha vyenyewe. Waliwapachika bakteria wa E. coli saketi ya jeni, yaani jeni zilizounganishwa ziongozane, yenye pande mbili zinazozuiana: mmoja ukiwaka, mwenzake huzimika. Kila upande ulimwezesha bakteria kustahimili ukosefu wa kirutubisho chake, na kila upande ulikuwa na rangi yake, kijani au nyekundu. Kisha wakaondoa kirutubisho kimoja.

Ndani ya saketi ile hamkuwa na kitu cha kumjulisha bakteria kilichoondolewa ni kipi. Hata hivyo seli zilihamia rangi iliyofaa.

Siri yake ni kelele, yaani mtikisiko usio na mpango. Molekuli zinazoongoza jeni ndani ya seli ni chache na hugongana kwa kubahatisha, kwa hiyo hali ya jeni haiachi kutikisika. Seli iliyoshiba ina nguvu ya kuishikilia hali yake, na mtikisiko hauibabaishi. Ikipatwa na njaa mshiko unalegea, inayumba huku na huku. Ikiangukia penye nafuu, nguvu inarudi na inajishikiza hapohapo. Ikiangukia pabaya, inazidi kuyumba.

Mwaka huohuo Kenji Leibnitz, Naoki Wakamiya na Masayuki Murata wa Chuo Kikuu cha Osaka walilitumia wazo hili kuchagua njia za pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri kwenye mtandao wa kompyuta. Kiini chake ni mstari mmoja wa hesabu: badiliko la hali ni f(x) mara α, jumlisha η. Hapo f ni mvuto kuelekea hali tulivu, α ni ustawi wa mfumo kwa wakati huo, na η ni kelele.

Nilipoliandikia programu mara ya kwanza niliweka njia tatu kati ya nodi mbili, yaani vituo viwili vya mtandao, zenye ucheleweshaji wa milisekunde 20, 35 na 60. Grafu ilijaa mikwaruzo, nami kwa kupenda usafi nikaifanya η kuwa sifuri. Ikapendeza kweli. Kisha nikaikata njia ya kwanza. α ikaporomoka hadi sifuri, na namba zangu tatu, moja kwa kila njia, zikaganda zilipokuwa, pakiti zikiendelea kumiminwa kwenye njia iliyokufa. Ni hesabu ya darasani: sifuri jumlisha sifuri, nini kitasogea? Niliporudisha kelele, namba ziliyumba kidogo, kisha ya pili ikapanda. Safari nyingine ilipanda ya tatu, iliyo mbovu zaidi, lakini kwa kuwa ustawi wake ni mdogo, haikukaa sana.

Wengi wakisikia mitandao inayoiga viumbe huwakumbuka sisimizi, na AntNet ya Di Caro na Dorigo ya 1998, mbinu ya kuelekeza pakiti kwa kuwaiga sisimizi, ni kazi nzuri. Ila sisimizi wanataka pakiti za upelelezi zitumwe kila mara, na sensa, yaani kifaa kidogo cha kuhisi mazingira, inayoishi kwa betri ndogo hulipia kila pakiti.

Ugumu unaanza pale chumba chenyewe, pamoja na taa, skrini na sensa zake, kinapotakiwa kumsoma mtu na kumhudumia bila yeye kubonyeza chochote. Kwa pakiti, α hupimwa kwa ucheleweshaji tu. Kwa binadamu je? Mimi huhesabu masahihisho: mfumo ukiwasha taa naye akaizima, α inashuka. Kipimo hiki kina kasoro, maana aliyeridhika hunyamaza, na aliyekata tamaa hunyamaza vilevile. Tena mtu havumilii yanayovumiliwa na pakiti. Mtandao ukiyumba kutafuta njia hakuna anayejali. Taa ikiyumba, mtu anatoka nje. Ndiyo maana kelele yangu inaishia kwenye mtandao na haifiki kwenye balbu.

Na watu wakiwa wawili chumbani? Wastani unawaudhi wote, hivyo nachukua α ya yule asiyeridhika zaidi. Wiki ya kwanza, mtu mmoja mgumu wa kuridhika alikifanya chumba kizima kihangaike mchana kutwa. Sasa nimeweka kikomo: ikipita mitikisiko minne bila nafuu, α yake inarudishwa kwenye wastani wake mwenyewe wa siku hiyo, na chumba kinatulia.