Je, wajua? Kwa nini mbegu za maua ya kudumu hugoma kuota mpaka zionje baridi

Panda maharage leo, na wiki mbili hazijaisha utaona udongo umepasuka. Panda delfiniamu au akwilejia, maua yanayochipua upya kila mwaka kutoka mzizi uleule, na huenda ukamwagilia udongo mtupu mwezi mzima. Hapo wengi humlaumu muuzaji. Mimi niliimwaga trei nzima kwenye lundo la mboji, na miezi kadhaa baadaye nikaikuta miche imechomoza hukohuko jalalani.

Mbegu hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimelala. Na usingizi wa mbegu si wa mchezo: mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani. Chupa moja ilipofukuliwa mwaka 2021, baadhi ya mbegu zake ziliota.

Lakini zilale kwa nini? Mengi ya maua haya asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Mbegu hudondoka kiangazi kikielekea ukingoni, udongo ungali na joto. Ikiota papo hapo, kimche chenye majani mawili kitakutana na barafu na kufa. Kwa hiyo ndani ya mbegu kuna homoni inayozuia kuota, asidi ya absisiki. Mbegu ikikaa wiki kadhaa kwenye baridi yenye unyevunyevu, nguvu ya kizuizi hicho hufifia, na homoni nyingine, jiberelini, hushika zamu na kuanza kusukuma ukuaji. Usiku mmoja wa baridi hautoshi, la sivyo mbegu ingedanganyika kila hali ya hewa inapobadilika.

Sisi huiigiza baridi hiyo kwa friji. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni kuweka pakiti kavu: hapo mbegu inahifadhiwa tu, haiamki. Loweka karatasi laini ya jikoni, ikamue mpaka isidondoshe maji, tandaza mbegu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha weka kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi kwa wiki 4 hadi 8. Si kwenye sehemu ya kugandishia. Chungulia kila wiki. Siku moja utaona ganda limepasuka na kitu cheupe, chembamba kama uzi, kimetokeza. Huo ni mzizi. Ipande mbegu hiyo siku hiyohiyo, maana mzizi ukishajisokota ndani ya karatasi, kuuchomoa bila kuukata ni kazi.

Si mbegu zote zinazodai baridi. Lupini tatizo lake ni ganda: gumu, halipitishi maji. Lisugue kidogo kwa msasa mpaka mng'ao wake upotee, kisha loweka usiku kucha. Zilizovimba asubuhi ziko tayari. Zilizobaki zirudishe kwenye msasa.

Nyingine, kama primula, zinataka mwanga. Mbegu ndogo ina akiba ndogo ya chakula, na ikizikwa chini sana itaishiwa kabla ya kufika juu. Mwanga ndio unaoiambia kwamba uso wa udongo uko karibu. Mwaka 1952 watafiti wa Marekani walionyesha kwa mbegu za letusi kwamba mwanga mwekundu huziamsha, na ule mwekundu wa mbali, unaopenya chini ya kivuli cha majani, huzilaza tena. Kwa hiyo mbegu za namna hii zikandamize tu juu ya udongo, usizifukie.

Peoni ndiyo inayowashinda wengi. Kwanza hutaka miezi ya joto ili itoe mzizi, halafu baridi ili itoe jani. Kwa muda wote huo juu ya chungu hakuna kitu, ilhali ukifukua taratibu kwa kidole unaukuta mzizi umeshateremka.