Tunaimba kwenye Misa, lakini je, tunaimba Misa?

Nikikutana na mwalimu mwenzangu wa kwaya simwulizi ana nyimbo ngapi mpya. Namwuliza: Jumapili iliyopita, padre alipofika kwenye "Inueni mioyo", kabla ya sala ya Ekaristi, waamini walijibu kwa kuimba? Wengi hunitazama kana kwamba nimeuliza habari za padre, zisizowahusu wao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipitisha hati ya liturujia (ibada rasmi ya Kanisa) Desemba 1963. Machi 1967 Roma ikatoa maelekezo ya muziki, Musicam Sacram, na humo uimbaji wa Misa umepangwa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni majibizano ya padre na waamini: salamu, sala zake, majibu ya waamini kwenye Injili, utangulizi wa sala ya Ekaristi (wenye "Inueni mioyo") pamoja na majibu yake, Mtakatifu, Baba Yetu, na ile Amina inayofunga sala ya Ekaristi. Ya pili ni Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mwanakondoo na sala ya waamini. Nyimbo za kuingia, matoleo na komunyo, zile zinazotumaliza usiku kucha mazoezini, ziko ngazi ya tatu. Kisha hati inasema wazi: ngazi ya kwanza inaweza kuimbwa peke yake, lakini ya pili na ya tatu haziimbwi pasipo ya kwanza.

Sisi tumepindua. Tunaingia kwa wimbo wenye beti sita, matoleo tunayaimba mpaka padre anamaliza kunawa na kusubiri, halafu majibizano yote yanasemwa harakaharaka. Hapo tunaimba kwenye Misa, na Misa yenyewe inabaki haijaimbwa.

Nami nimekosea kama wengine. Niliwahi kufundisha Mtakatifu wa sauti nne, besi wanatangulia, soprano wanadakia juu kabisa, "Hosana" inazungushwa mara tano. Kwaya iliipenda. Waamini walisimama kimya kama watu waliokuja kusikiliza tamasha, na padre mikono ameikunja. Mtakatifu ni wimbo wa waamini wote pamoja na padre. Kwaya haina haki ya kuwapokonya. Sauti nne hazikatazwi, ila ile ya kwanza, inayobeba wimbo, lazima iwe nyepesi kiasi cha mtu asiyejua noti kuidaka akiisikia mara mbili au tatu.

Hapo ndipo suala la ki, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani, linapoingia. Kwaya iliyopasha sauti inafika noti ya F ya juu bila taabu. Mtu aliyeamka alfajiri, hajatamka neno zaidi ya salamu, akipandishwa zaidi ya D atafunga mdomo. Kwa hiyo sehemu za waamini nazishusha zikae kati ya C ya kati na D ya pili juu yake, hata soprano wakinung'unika. Mpiga kinanda naye atoe utangulizi mfupi unaoonyesha kasi, asipige mapambo yanayowapoteza watu wasijue waingie wapi. Wakati wa Kwaresima jambo hili linakuwa rahisi, maana kinanda kinatakiwa kuwasindikiza waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu.

Zaburi, yaani wimbo wa katikati, nayo inaonewa. Ni sehemu ya Neno la Mungu, na maelekezo ya Misale, kitabu cha sala za Misa, hayaruhusu kuweka wimbo mwingine mahali pake. Ukikosa mtu wa kuimba mashairi, kiitikio kiimbwe na mashairi yasomwe. Na Mwanakondoo unakwenda pamoja na kuumega mkate: mkate ukiwa bado unamegwa, rudia.

Huwa naambiwa, "Paroko wetu hajui kuimba." Musicam Sacram ililiona hilo: padre asiyeweza anaruhusiwa kusema kwa sauti ya wazi zile sehemu ngumu, lakini si kwa kujirahisishia tu. Tena sehemu nyingi zinaimbika kwa noti moja, mwishoni unashuka kidogo. Mtu anayeweza kuita jina la mwenzake aliye mbali anaweza hilo.

Sisi tulianza na ile Amina ya mwisho wa sala ya Ekaristi peke yake. Padre aliimba "Kwa njia yake, pamoja naye na ndani yake" kwa noti moja, watu wakajibu kwa noti tatu. Majuma manne ya kwanza yalikuwa mabaya. Kwaya ndiyo iliyojibu, benchi zikanyamaza. Niliwakataza wanakwaya wasiimbe kwa nguvu, nikaacha pengo lijazwe. Mwezi wa tatu alikuja padre mgeni, akaisema sala ile bila kuimba. Kutoka benchi la nyuma bibi mmoja akaimba Amina yake peke yake, kwa ki ileile, na kanisa zima likageuka kumtazama.