Bei ya nusu dozi

Nikiwa mchumi wa afya, nimeshinda siku nyingi kwenye maduka ya dawa muhimu nikiandika nani kanunua nini na kwa shilingi ngapi. Mchana mmoja aliingia mama muuza mboga, beseni akaliacha mlangoni. "Kaka, nipe rangi mbili za mia tano, kifua kinanisumbua." Muuzaji akachukua mkasi, akakata vidonge vitano vya antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Cheti hakikuulizwa.

Mabango yetu yanamwambia mama huyu amalize dozi. Lakini kwa hesabu ya siku yake hajakosea. Mia tano ndiyo iliyopo, na akipata nafuu kesho atarudi sokoni. Hospitalini kuna nauli, kuna kufungua faili, kuna kumwona daktari, halafu kuna kipimo cha kuotesha vimelea maabara ili kujua dawa ipi itaviua, ambacho majibu yake huchukua siku mbili tatu na mara nyingi bei yake huzidi ya dozi nzima ya amoksilini. Kipimo kikiwa ghali kuliko dawa, watu watanunua dawa.

Na bei ya kidonge kile haijabeba gharama yake yote. Kila antibiotiki inayotumika, hata iliyoandikwa na daktari bingwa, huua vimelea dhaifu na kuviachia uwanja vilivyo sugu. Anayekuja kulipia hilo ni mtu mwingine kabisa. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002, watafiti walifuatilia watoto wenye maambukizi ya damu. Pale bakteria walipokuwa na kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, asilimia 71 ya watoto walikufa. Kwa bakteria wa aina zilezile wasio na kimeng'enya hicho, asilimia 39. Nikisoma takwimu hizo sioni asilimia, naona vitanda.

Hata anayepona huacha deni nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliwahi kunionyesha daftari lake: bajaji, chai, nepi, sindano, bajaji tena, sindano ya pili baada ya ile ya kwanza kushindwa. Kile ambacho hakukiandika ni genge lake lililofungwa muda wote huo, na kwa kawaida hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Kusanya madaftari ya namna hiyo nchi baada ya nchi, utaelewa kwa nini Benki ya Dunia mwaka 2017 ilikadiria kuwa, hali ikiwa mbaya zaidi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaweza kuwatumbukiza watu milioni 28 katika ufukara ifikapo 2050, karibu wote wakiwa katika nchi maskini.

Wengine hudhani suluhisho la usugu ni kubana tu mauzo ya antibiotiki. Siafiki. Utafiti wa nchi 8 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa mwaka 2019 chini ya asilimia 7 ya maambukizi sugu kwa dawa za kundi la meropenemu, antibiotiki za akiba, ndiyo yaliyopata dawa inayofaa. Kwetu watu wanakufa kwa usugu, na wanakufa pia kwa kukosa dawa.

Ningeanza kuweka fedha kwenye maji ya bomba wodini, usafi wa mikono na chanjo za watoto. Makadirio ya mwaka 2024 yanasema kuzuia maambukizi kwa njia hizo kungeokoa watu wapatao 750,000 kila mwaka katika nchi kama zetu. Baada ya hapo, maabara. Kwa kifua kikuu tulishakubali kwamba kumtibu mmoja ni kumkinga jirani yake, tukaamua mgonjwa asilipe. Mama yule wa mboga, kama kifua chake kingekuwa TB, kituo cha serikali kingempima makohozi bure na kumpa dawa za miezi sita bure. Kwa bakteria wengine wengi, alikuwa na mia tano yake na mkasi wa muuzaji.