Joto la Nyumba za Milimani Mwanza: Mti Unasaidiaje Afya?

Tunaishi Mabatini, juu ya mawe. Ziwa tunaliona, mbona usiku ndani hakulaliki?

Sababu ni hayo mawe. Weka kiganja kwenye jabali saa mbili usiku: bado lina moto wa mchana. Bati hupoa upesi jua likizama, lakini jabali na ukuta wa tofali hutoa joto polepole hadi usiku wa manane. Upepo wa ziwa nao huvuma kuja nchi kavu mchana, usiku hugeuka.

Mti utabadilisha nini?

Mengi. Kivuli huzuia jua lisiufikie ukuta. Pia mizizi hunyonya maji, majani yakayatoa kama mvuke, na mvuke huondoka na joto, kama maji ya mtungi yanavyopoa. Panda upande wa magharibi, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloupasha ukuta moto karibu na saa za kulala. Mwembe uwe mbali kidogo na msingi. Pasipo na udongo wa kutosha, pandisha pasheni kwenye kichanja mbele ya ukuta.

Miti haileti malaria?

Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye majani. Fukia madimbwi, zibua mfereji, fyeka vichaka, lala ndani ya chandarua. Mwembe uacheni jamani!

Nitajuaje joto limemzidi mtu?

Mama anayeanika dagaa tangu asubuhi akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mpeleke kivulini, anywe maji kidogo kidogo. ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti inayochanganywa na maji safi, ni bora zaidi. Akianza kuweweseka, akapata degedege au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Joto la mwili huenda limepita nyuzi 40. Mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, hata maji, yatampalia. Wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye kisukari au ugonjwa wa moyo huzidiwa mapema, basi msisubiri.

Nipande lini?

Vuli ikianza, Oktoba au Novemba. Kiangazi mwagilia jioni kwa maji uliyooshea mboga, na uzungushie mche miiba, maana mbuzi wa jirani hawachelewi.