Mvua ikikatika Mtwara, joto bado liko mbali

Kila mwaka mvua zikianza kuaga, swali linalonifikia zaidi ni hili: "Mtaalamu, sasa joto ndiyo linaanza?" Anayeuliza mara nyingi kasikiliza utabiri wa Dar es Salaam, au kaona kwenye simu habari za kiangazi cha Ulaya. Huku kusini jibu ni hapana. Mvua ikikatika tunaingia kwenye ubaridi kwanza. Joto lina zamu yake, na zamu hiyo ni miezi mitano au sita baadaye.

Mwenye ratiba ni jua. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili: karibu tarehe 20 Oktoba likishuka kusini, na karibu tarehe 21 Februari likirudi. Ukanda mvua, yaani ule mkanda wa mawingu ambako pepo za kaskazi na za kusi hukutana, hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Dar mkanda huo huwapita mara mbili, ndiyo wakawa na vuli na masika. Sisi hutufikia Novemba au Desemba, ukazurura huku hadi Aprili, kisha ukaondoka. Karibu mvua yote ya mwaka, milimita 1,000 hivi kwa Mtwara mjini, hushuka katika kipindi hicho kimoja. Mtu wa Tandahimba akiniuliza vuli itakuwaje, ananiuliza mvua ya watu wengine.

Mvua zinapoelekea ukingoni ndipo mimi huongeza umakini, ingawa wengi wameshaanika makoti. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, baada ya Mtwara kukaa roho juu. Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, na mafuriko yake yakakata barabara ya Dar huko Kilwa. Kimbunga kinahitaji maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na Machi na Aprili bahari yetu imeshapita hapo. Tena ni wakati wa malelezi: kaskazi imechoka, kusi haijashika, na tofauti kati ya upepo wa chini na wa juu angani hupungua. Tofauti hiyo ikiwa kubwa hukikata kimbunga kabla hakijakomaa. Vimbunga vinavyofika kwetu ni vichache, lakini taarifa za mwisho wa Aprili zisikilizwe hata kama kumeanuka siku kumi mfululizo.

Kusi ikishika, kuanzia Juni, hali hugeuka kabisa. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini, upande wa visiwa vya Mascarene, husukuma kwetu hewa baridi na kavu kiasi. Bahari huchafuka, na wavuvi wa Mikindani wenye vyombo vidogo hukaa nchi kavu siku nyingine. Usiku wa Julai mjini huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Newala, iliyo juu ya uwanda, huwa na ubaridi zaidi, maana kila mita 100 unazopanda hupunguza nusu nyuzi na kidogo.

Kwa mkulima wa korosho kipupwe hiki ndicho msimu wenyewe, kuliko hata mvua. Mikorosho inataka ukavu ili itoe maua. Lakini asubuhi za ubaridi na umande ndizo ubwiriunga unazozipenda, na fangasi huyo hahitaji tone la mvua kushambulia maua machanga. Wanaopulizia unga wa salfa, dawa ya fangasi huyo, huamka alfajiri kwa sababu ya upepo: jua likishapanda kusi huanza kuvuma, na unga unakwenda shamba la jirani. Katika miezi hiyo mimi huwaambia watu waangalie unyevu wa asubuhi na kasi ya upepo. Kiwango cha mvua hakina la kusema Julai.

Sasa joto. Septemba kusi huanza kulegea, anga iko wazi, ardhi imekauka na haina maji ya kuvukiza ili ijipoze. Oktoba jua linafika utosini. Ndiyo maana Oktoba hadi mapema Desemba ndicho kipindi kikali zaidi: mjini nyuzi 31 au 32, na Masasi na Nanyumbu, ambako upepo wa bahari haufiki, mchana huzidi hapo. Februari jua hurudi utosini, ila mawingu hulikinga. Kipimo hakipandi sana, lakini fukuto lake ni baya kwa sababu hewa imeshiba unyevu na jasho halikauki. Wazee na watoto wachanga huumia zaidi na usiku wa Februari kuliko mchana wa Oktoba, na hili halizungumzwi vya kutosha.

Kuhusu taarifa ya mwelekeo wa msimu ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huitoa kabla mvua hazijaanza: "juu ya wastani" haina maana ya mafuriko. Miaka iliyopita hugawanywa mafungu matatu sawa kwa kiasi cha mvua (chini ya wastani, wastani na juu ya wastani), kila fungu likiwa na nafasi ya 33%. Ukisikia 45% kwa fungu la juu, jua kwamba bado 55% iko kwenye mafungu mengine mawili. Na Elnino, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, inayotikisa vuli ya kaskazini, huku kwetu ishara yake ni hafifu, maana tuko mpakani kati ya Afrika Mashariki inayolowa na Kusini mwa Afrika inayokauka.

Mvua moja nzito ya Novemba pia si kuanza kwa msimu. Nikiona mawingu yametanda siku tatu nne na pepo za kaskazi zimekaza, ndipo nasema pandeni mahindi. Kabla ya hapo hofu yangu ni korosho zilizoanikwa nje, maana zikilowa daraja linashuka mnadani.