Je, wajua kwa nini dirisha la ombwe lina vidoa?

Chai iliyotiwa kwenye chupa ya chai alfajiri, saa nne bado inachoma ulimi. Chupa ile ikianguka ndipo siri inapofichuka: ndani mna kioo cha tabaka mbili, na katikati yake hamna kitu, hata hewa. Hilo ndilo ombwe. Joto likikosa cha kulibeba linakwama, na kinachojaribu kupenya kwa mng'aro hurudishwa na ule utando unaometa kama fedha. Ubunifu huo ni wa Mskoti James Dewar, mwaka 1892.

Basi kwa nini madirisha yasitengenezwe hivyohivyo? Wazo hilo Mjerumani mmoja, Zoller, aliliombea hataza mwaka 1913. Lakini dirisha lenyewe lililofanya kazi halikupatikana hadi mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Sydney, mikononi mwa timu ya Richard Collins. Miaka 76!

Kilichokwamisha ni umbo. Chupa ni ya mviringo, na mviringo hujikaza wenyewe kama yai linapobanwa kiganjani. Kioo cha dirisha ni bapa. Hewa hii tunayoivuta hukandamiza kila mita mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 10. Hatuisikii kwa sababu inasukuma pande zote. Ukinyonya iliyo kati ya vioo viwili, vitabonyea, vigusane, na pengine vipasuke.

Ndiyo maana ya vidoa. Ukisogeza uso karibu na dirisha hilo utaona nukta zilizopangwa kwa mistari, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama. Ni nguzo. Kimo chake ni milimita 0.2 hivi, sawa na karatasi mbili za daftari. Zikipandwa kila baada ya milimita 20, mita mraba moja inabeba nguzo 2,500, na kila nguzo inahimili kama kilo 4. Nguzo nazo hupitisha joto kidogo, kwa hiyo mtengenezaji anazitaka chache, ila kioo kinazitaka nyingi.

Kuziba kingo ni kisa kingine. Zamani walitumia unga wa kioo ulioyeyushwa kwa nyuzi joto 450 hivi, moto unaomaliza nguvu ya kioo kilichoimarishwa. Sasa wapo wanaoziba kwa joto dogo zaidi, hivyo kioo hubaki imara na nguzo zinaweza kupunguzwa.

Nippon Sheet Glass ya Japani ilianza kuyauza madirisha haya miaka ya 1990, kwa jina la Spacia. Unene wake ni kama milimita 6, ndiyo maana Ulaya hutiwa katika fremu kuukuu za majumba ya kihistoria. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha karibu wati 5.7 kwa kila mita mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Vya ombwe vilivyo bora havifiki wati 0.7.

Bei bado ni kali. Na kusema kweli, nyumba ya Pwani inayoishi kwa upepo wa dirishani haina haja navyo. Mimi natazama friji la soda dukani, lile ambalo kioo chake hutoa jasho mpaka ukipanguse kwa kiganja ndipo uone kama ya baridi imebaki. Milango ya friji za namna hiyo tayari imeanza kutengenezwa kwa kioo cha ombwe.