Nani kasema majaribio ni ya Wazungu?

Kila tukibandika tangazo la onyesho jipya hapa Mtwara, iwe ngoma iliyochanganywa na maigizo au sanamu za vyuma chakavu, lazima mtu anisimamishe sokoni: "Hayo majaribio ni ya Wazungu. Sanaa yetu ni ya asili, tumeikuta hivyo hivyo kwa mababu." Nimeyasikia kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa vijana wachongaji wanaoshika tezo, kishoka cha kuchongea, kila siku. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Tuchukue kinyago cha shetani, kile chenye jicho moja, mdomo uliopinda na tumbo lililotobolewa. Ndicho watu wanachonitajia kama mfano wa "asili". Mtindo huo ulizaliwa Dar es Salaam miaka ya 1950, mikononi mwa Mmakonde aitwaye Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba alikuwa akichonga sanamu ya mtu, mkono ukavunjika, naye hakulitupa gogo. Aliendelea nalo mpaka akatoka kiumbe ambaye si mtu. Mfanyabiashara Mohamed Peera alipokiona akataka vingine, na wachongaji wengine wakaingia njia hiyo, kila mmoja na zimwi lake. Kama hayo si majaribio, sijui majaribio ni nini. Mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kwenye gogo moja, nao ni wa karne ya 20.

George Lilanga, mzaliwa wa huku kusini mwaka 1934, alianza kwa kuchonga. Hakubaki hapo. Akahamia kwenye michoro, akachora kwenye ngozi ya mbuzi, akapaka sanamu zake rangi kali ambazo mpingo, ule mti mgumu wa vinyago, haujawahi kuzijua. Hakuna anayethubutu kusema Lilanga si wetu.

Hata mapiko, ngoma ya jando yenyewe inayochezwa kwa barakoa, haikusimama mahali pamoja. Kwa muda mrefu wachongaji wamekuwa wakiingiza kwenye barakoa sura za watu wapya waliowaona: Mreno, mfanyabiashara wa Kihindi, askari. Itazame barakoa kwa karibu: mti mwepesi, nywele halisi za binadamu, chale za nta ya nyuki. Mchezaji huivaa kichwani kama kofia na kuchungulia kupitia mdomo wa barakoa. Fundi aliyebuni hivyo alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Kwa hiyo kijana wa leo akifunga kipande cha bati kwenye barakoa yake, anafanya walichofanya wazee.

Madai mengine ninayoyasikia nayamaliza haraka. "Kinyago cha shetani ni cha kuabudiwa." Hapana. Tangu mwanzo kilichongwa kiuzwe, na mzazi anayemrudisha mtoto mlangoni mwa onyesho letu anamnyima somo la bure la historia ya mkoa wake.

"Mpingo ni mweusi wote." Kiini ndicho cheusi, ganda la nje lina rangi ya maziwa, na mafundi wengi huliacha makusudi. Kinyago cheusi tii kila upande, halafu chepesi mkononi, huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Kitie kwenye ndoo ya maji: mpingo huzama.

"Kitu kikishatoka nchini ndiyo basi." Barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 ilikutwa kwenye makumbusho ya Geneva, Uswisi, ikarudishwa mwaka 2010. Anayekaa kimya hatarudishiwa chochote.

"Mazungumzo ya sanaa kwenye maonyesho ni ya wasomi." Hili nalo linaniudhi. Wazungumzaji wetu wengi ni wachongaji wasiowahi kuandika makala hata moja. Kwa hiyo ukiona ratiba yetu ijayo, acha siku ya ufunguzi yenye hotuba, njoo jioni ya mazungumzo. Kabla ya kuuliza, izunguke sanamu pande zote, utazame mgongo wake, maana huko mchongaji huenda ameacha alama za tezo bila kuzipiga msasa. Ukizikuta, muulize kwa nini aliziacha.